Mawe ya Pwani Yetu: Kutoka Magofu ya Kunduchi hadi Misheni ya Bagamoyo

Kila mwaka katika sharika zetu za Dar es Salaam wapo wapendwa wanaojiwekea akiba kidogo kidogo ili siku moja waende kuhiji Nchi Takatifu. Wakirudi hutuletea mafuta ya mzeituni, maji ya Yordani kwenye chupa na picha za Bethlehemu, nasi tunafurahi pamoja nao. Kuiona Galilaya kwa macho ni neema. Lakini Kunduchi hapa hapa, si mbali na soko la samaki, yapo magofu ya msikiti ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 15 au 16, yaani karibu na siku za Martin Luther mwenyewe. Watu wengi hupita jirani nayo miaka nenda rudi wakifuata changu na vibua, na wala hawaulizi ni nani aliyeyapanga mawe yale.

Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, kinasimulia kwamba Israeli walipovuka Yordani waliokota mawe kumi na mawili mtoni wakayasimamisha, ili watoto wakija kuuliza habari zake wazazi wawe na la kuwajibu. Mawe yalikuwa kwa ajili ya swali la mtoto. Ndiyo maana usharika wetu uliamua kwamba darasa la kipaimara la mwaka ule lisisome historia ya Kanisa darasani peke yake, bali litembee. Tukaondoka watoto, wazazi, wazee wa kanisa na akina mama wa umoja wa wanawake. Siku ya kwanza tulikwenda kwa miguu, maana magofu ni ya jirani. Siku ya pili tulipanda basi kwenda Kaole na Bagamoyo. Siku ya tatu tulikwenda mjini, Azania Front. Haya ni yale tuliyoyaona na kuyapima pamoja.

Makaburi ya jirani

Magofu ya Kunduchi yanatunzwa na serikali kama mambo ya kale, na mgeni huongozwa na mtu anayeyafahamu. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima, Mwislamu, mwenyeji wa pwani. Watoto walimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mkubwa wa msafara ni nani. Kisha akasema neno moja kabla hatujapiga hatua: "Mchungaji, waambie watoto wasipande juu ya makaburi. Hawa ni watu."

Msikiti umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa na kushikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko. Paa halipo tena. Kibla bado kinaonekana, kimeelekea kaskazini kwa sababu kutoka kwetu Makka iko upande huo. Kuzunguka msikiti, katikati ya mibuyu, kuna makaburi, mengi yao ya karne ya 18 na 19. Mengine yana kuta zilizochongwa nakshi, na mengine yana nguzo ndefu ya mawe iliyosimama kichwani. Kwenye nguzo hizo wajenzi walipachika sahani na bakuli za kauri zilizotoka China. Nyingi hazipo. Yamebaki matundu ya duara, kama macho yaliyong'olewa.

Mwongozaji alitueleza jinsi sahani ya China ilivyofika Kunduchi. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi huyarudisha. Bidhaa za China zilipita bandari kwa bandari, mkono kwa mkono, hadi zikafika huku kubadilishwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko na mali nyingine za bara. Mtu aliyezikwa chini ya sahani ile hakuwa ameishi pembezoni mwa dunia. Biashara ya bahari nzima ilimfikia mlangoni.

Zamani waandishi wengi wa kigeni walidhani kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Asia, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu. Wataalamu wa mambo ya kale wa miaka ya karibuni wameliacha wazo hilo. Miji hii ilikua kutoka vijiji vya wenyeji, watu waliosema lugha za Kibantu, waliovua, waliolima, wakafanya biashara na wageni, wakaoana na baadhi yao na kuipokea dini yao. Makaburi ya nguzo ni alama ya pwani hii, kuanzia Somalia hadi Tanzania. Ni kazi ya mikono ya watu wa hapa.

Hapo ndipo mtoto mmoja wa kipaimara alipouliza: "Mchungaji, haya ni makaburi ya Waislamu. Yanatuhusu nini sisi?"

Watu wazima walicheka kidogo kwa aibu, lakini mwongozaji hakucheka. Alitutazama, akingoja. Nasi tunaona kwamba lile ndilo lilikuwa swali la safari nzima, na haifai kulijibu kwa haraka.

Jibu la kwanza linatoka Mwanzo 23. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote, lakini kipande cha kwanza alichomiliki kilikuwa kaburi. Sara alipofariki, Ibrahimu alisimama mbele ya Wahiti, watu wasio wa imani yake, akawainamia, akaomba mahali pa kuzika, akalipa fedha kamili. Baba wa imani alianza kwa adabu mbele ya makaburi na wenyeji wa nchi. Sisi tuliohamia Kunduchi kutoka Kilimanjaro, Iringa, Bukoba na kwingineko, tukanunua viwanja na kujenga makanisa, tumefika kwenye mji uliokuwa na wafu wake kabla yetu. Kuwaheshimu ni adabu ya mgeni, na ni adabu ya Ibrahimu.

Jibu la pili ni refu zaidi, nalo linahusu bahari.

Kwa nini hatuna magofu ya kanisa la kale

Watoto walitaka kujua kwa nini pwani yetu ina misikiti ya kale na haina makanisa ya kale. Ni swali la haki. Ukristo haukuchelewa kufika Afrika. Misri ilikuwa na makanisa tangu siku za mwanzo kabisa. Katika karne ya 4 Mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi ya Ethiopia ya leo, aliipokea imani, na Frumentius akawekwa wakfu na Athanasius wa Aleksandria kuwa askofu wa nchi ile. Nubia, katika Sudani ya leo, ilikuwa na falme za Kikristo kwa karne nyingi. Na kisiwa cha Sokotra, kwenye njia ya majahazi ya kaskazi na kusi, kilikuwa na Wakristo. Padri Francis Xavier alipopita Malindi na Sokotra mwaka 1542 akielekea India aliwakuta bado wapo. Kwa hiyo mtu anayesema Ukristo ni dini ya Wazungu iliyoletwa Afrika juzi hajasoma vizuri. Waafrika walikuwa na maaskofu karne nyingi kabla baadhi ya mataifa ya Ulaya hayajabatizwa.

Hata hivyo, huku kwetu habari za Kristo zilipofika kwa kelele zilifika na mizinga. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliiteka Kilwa, na watawa Wafransisko wakashuka pwani na msalaba huku askari wakipora mji. Wareno wakajenga ngome pale, kisha wakaiacha baada ya miaka michache. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Jina la Mwokozi likabandikwa kwenye ngome ya vita.

Matunda yake yalionekana. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani wa Mombasa, alichukuliwa Goa akiwa mdogo, akalelewa na watawa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliukana ubatizo, akaiteka ngome, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, wakauawa. Wareno wakarudi, lakini mwaka 1698 Waomani waliichukua ngome baada ya kuizingira kwa muda mrefu. Karne mbili za Wareno zikaacha huku ngome na maneno machache katika Kiswahili, kama meza na leso, lakini hazikuacha usharika.

Tuliwaambia watoto waziwazi: Injili iliyofungwa kwenye upanga haikuota mizizi katika udongo huu. Hilo ni fundisho la historia, na ni onyo kwa Kanisa la kila kizazi linalotamani kupata watu kwa njia ya nguvu, ya fedha au ya serikali.

Kaole na Bagamoyo

Barabara ya Bagamoyo inapita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga na Kerege. Kaole iko kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Ni ndugu mkubwa wa Kunduchi: misikiti miwili, makaburi ya nguzo, mbuyu mkongwe. Kazi ya kuchimba na kupima iliyoanza miaka ya 1950 chini ya Neville Chittick imeonyesha kwamba mji ulikuwa hai tangu karne ya 13 hivi. Zamani bahari ilifika karibu na mji. Sasa bandari imejaa mchanga na mikoko, na mtu anayesimama msikitini hayaoni maji. Mji ulikufa bila vita, kwa sababu bahari iliondoka na biashara ikahamia Bagamoyo.

Kule Bagamoyo tulikuta kwamba si kila linalosimuliwa ni kweli. Watu wengi huamini jina la mji ni kilio cha watumwa walioacha mioyo yao pale kabla ya kuvushwa. Wako pia wanaosema ni furaha ya wapagazi waliotua mizigo na kupumzika baada ya miezi ya safari. Ukweli wa biashara yenyewe ni huu: watumwa wengi waliopelekwa Zanzibar walipitia Kilwa, na Bagamoyo ilikuwa hasa lango la misafara ya pembe za ndovu, iliyobebwa na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi. Watumwa walikuwepo Bagamoyo, tena wengi, mashambani, majumbani na katika misafara. Lakini huzuni yao ni kubwa ya kutosha. Haihitaji kutiwa chumvi.

Kwenye viwanja vya misheni kuna mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na gome, pingili chache tu zikiwa zimebaki nje. Wageni wengi huupiga picha wakidhani ulifunga watumwa. Mwongozaji wa pale alitueleza kwamba inasimuliwa ulikuwa wa kufungia punda wa Madame de Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa. Watoto walivunjika moyo kidogo. Sisi tulishukuru. Shahidi anayejua tofauti ya mnyororo wa punda na mnyororo wa mtu ndiye anayeaminika anapozungumza juu ya mnyororo wa mtu.

Na huo ulikuwepo kweli. Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifika Zanzibar mwaka 1863 wakapokea kazi iliyoanzishwa na mapadri kutoka kisiwa cha Réunion. Sokoni kule, ambako watu waliuzwa mchana kweupe, waliwanunua watoto ili kuwakomboa. Mwaka 1868 Padri Anton Horner alianzisha misheni Bagamoyo, kwa ridhaa ya Sultani Majid, mtawala Mwislamu, yule yule aliyeanzisha Dar es Salaam. Ufukweni uko msalaba wa kukumbuka kufika kwao. Kipindupindu kiliwapiga, na mwezi Aprili 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila walichojenga. Wakajenga tena. Makaburi ya wamishenari yamepangwa safu kwa safu, na ukihesabu miaka kwenye misalaba utaona wengi walikufa wakiwa vijana.

Waliokombolewa walikaa katika Kijiji cha Uhuru. Walifundishwa kusoma, useremala, kilimo na sala. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na mahali pa kulima. Lakini kengele ya misheni ilipanga siku yao, jasho lao lilitunza mashamba ya misheni, na hawakuulizwa sana wanataka kuishi wapi. Wako waliotoroka. Hata wakati ule wako waliosema kwamba kumnunua mtumwa, hata kwa nia ya kumkomboa, ni kumpa muuzaji faida akanunue mwingine.

Tulikaa chini ya miembe tukalijadili jambo hili, wazee kwa vijana. Mama mmoja alisema mtoto aliyesimama sokoni hakuwa na muda wa kungoja hoja iishe. Kijana mmoja akajibu kwamba mtu aliyekombolewa na asiruhusiwe kuondoka hajakombolewa bado. Wote wawili walisema kweli. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakuandika sheria ya kufuta utumwa, lakini alimwomba bwana ampokee mtumwa wake kama ndugu, na neno hilo likaanza kuila nyumba ya utumwa kutoka ndani, polepole mno kuliko tungependa. Soko la Zanzibar lilifungwa mwezi Juni 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu mahali pale pale. Utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu.

Waliobeba

Mnara wa kanisa la kwanza la Bagamoyo unaitwa Mnara wa Livingstone, kwa sababu usiku mmoja wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa pale. Jina la mnara linamtaja aliyebebwa. Sisi tuliwaomba watoto wajifunze majina ya waliobeba.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500, miezi mingi, wakipita nchi ambazo watu waliogopa maiti isipite kwao. Baadhi yao walikufa njiani. Aliyesoma ibada ya maziko kule Chitambo alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika Mkristo aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India. Ndiye aliyechonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti. Ibada ile ya kuzika katikati ya bara iliongozwa na Mwafrika asiye na cheo chochote cha kanisa.

Walipofika pwani, wengi wao walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Wainwright alisafiri na jeneza hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Susi hakuwa Mkristo alipoubeba mwili ule. Alibatizwa miaka mingi baadaye, mwaka 1886, akaitwa Daudi. Tuliwakumbusha watoto Kutoka 13: Musa, katika haraka yote ya kutoka Misri, aliichukua mifupa ya Yusufu kwa sababu ya kiapo cha watu waliokwisha kufa. Uaminifu kwa mfu hauna faida sokoni. Ndiyo maana Maandiko yanauhesabu.

Nyumba yetu wenyewe

Ilikuwa rahisi kuwapima Wareno na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Siku ya tatu tulipaswa kujipima sisi Walutheri.

Kanisa Kuu la Azania Front, lenye mnara unaotazama bandari, lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Lakini kazi ilianza kabla. Mwezi Julai 1887 mmishenari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam, ametumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka 1886. Waanzilishi wa chama kile hawakuwa watu wa sala peke yao. Wengine walikuwa wapenda ukoloni, na Carl Peters, ambaye mikataba yake ya hila iliwanyang'anya watu wetu nchi, alihusika nacho mwanzoni. Walitaka misheni iwatumikie Wajerumani na mamlaka yao. Viongozi wa misheni za zamani kule Ujerumani waliona mchanganyiko huo wakaukemea, na baada ya miaka michache chama kikaelekezwa upya chini ya Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel.

Wenyeji wa pwani nao waliuona. Vita vya Abushiri vilipowaka mwaka 1888, watu walishindwa kumtenga mmishenari na kampuni iliyopandisha bendera yake. Januari 1889 Dar es Salaam ilishambuliwa, na Pugu watawa Wabenedikto waliuawa. Tunawalilia waliouawa, na tunaelewa pia kilichowakasirisha waliowaua. Wajerumani walisema wamekuja kukomesha utumwa, lakini serikali yao haikuufuta. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905, na wazazi wao wakaendelea kuwa mali ya watu.

Tufanye nini na mwanzo wa namna hii? Wapo wanaotaka kuuficha ili tusiaibike. Wapo wanaousema ili kutuambia kwamba imani yetu yote ni mali ya mkoloni, tuitupe. Sisi tunasema tusome mpaka mwisho wa ukurasa.

Greiner alipokea watu waliokombolewa utumwani, na kituo cha Kisarawe, kilichofunguliwa mwaka 1892, kilikuwa makazi ya wengi wao. Maneromango ikafuata mwaka 1895. Watu hao, waliong'olewa kwao, wasio na ukoo wala kaburi la babu karibu, ndio walikuwa washarika wa kwanza wa Kilutheri katika eneo hili. Mmoja wa wale waliopitia utumwa aliitwa Martin Ganisya. Alisoma, akawa mwalimu. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Waingereza waliichukua Dar es Salaam mwaka 1916, na wamishenari Wajerumani wakaondolewa. Hapakuwa na fedha wala mchungaji. Wengi walitegemea kwamba dini ya Mjerumani itaondoka na Mjerumani. Ganisya na walimu wenzake wakazishika sharika za Dar es Salaam na vijiji vyake: wakafundisha, wakazika, wakakusanya watu Jumapili kwa Jumapili, mpaka wamishenari waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920.

Hapo ndipo tunapopata jibu. Kanisa letu lililetwa na chama chenye nia mbili, lakini lilihifadhiwa na mtu ambaye dunia ilikuwa imempangia bei. Chombo kilikuwa cha udongo, tena chenye ufa, na hazina haikumwagika. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yalisimama juu ya mabega ya watu kama huyu. Majina ya wengi wao hatujayaandika popote.

Wajibu wetu

Jibu tulilompa mtoto wa kipaimara, tuliporudi Kunduchi jioni ile, lilikuwa na sehemu tatu, nasi tunaliweka hapa kwa ajili ya kila msharika.

Kwanza, magofu haya ni yetu sote kuyatunza. Lipa kiingilio, peleka watoto, usichukue jiwe, usitupe taka. Sahani ya kauri iliyong'olewa kaburini ni sadaka ya mtu kwa mpendwa wake, imeibiwa. Anayejenga nyumba asisogeze mpaka wake kuelekea makaburi ya watu wasio na wa kuwatetea. Amri ya saba haiulizi dini ya aliyeibiwa.

Pili, jirani yetu Mwislamu si mgeni katika nchi hii. Mababu zake waliswali hapa wakati Luther akiwa hai. Tunaweza kumkiri Kristo mbele yake bila kupunguza neno, lakini tumkiri kama Ibrahimu mbele ya Wahiti, na si kama Almeida mbele ya Kilwa. Historia imekwisha kutuonyesha ni njia ipi iliyoacha watu na ni ipi iliyoacha ngome.

Tatu, tuandike majina. Kila usharika wa Kunduchi, Mbezi, Tegeta na Bunju ulianza chini ya mti au sebuleni kwa mtu. Wako mama waliobeba mabenchi kichwani, wainjilisti waliotembea kwa miguu, mafundi waliojenga bila ujira. Wengine bado wako hai na kumbukumbu zao zinafifia. Vijana wachukue daftari wakakae nao, waulize, waandike, wasome mbele ya usharika Jumapili ya Watakatifu Wote. Tusingoje mpaka tubaki na mnara wenye jina la aliyebebwa, na waliobeba wakawa hawajulikani.

Mtoto yule alisikiliza, akauliza swali lingine: "Na yule mzee aliyetuongoza, naye tumwandike?" Tulimwambia ndiyo. Aliyetufundisha kwamba chini ya mawe yale kuna watu anastahili kukumbukwa na watu.